Kubisha Mlango Mara Mbili

 Nyinyi akina mama wa Kimaasai wa Ilkaputiei, ambao saa hii mnakamua ng'ombe huku redio imetundikwa kwenye mwiba wa mgunga, nawasalimu: takwenya. Nazungumza nanyi kutoka Isinya, kwenye njia panda ambapo barabara itokayo Nairobi kwenda Namanga hukutana na ile iendayo Kiserian, mahali ambapo malori hayalali usiku wala mchana, na ambapo wanawake hukaa tangu asubuhi wakitunga shanga bila ya kuitazama sindano, kwa kuwa mikono yao imekwisha kuijua njia na macho yao yamo barabarani yakimsaka mnunuzi.

Jambo nililokusudia kulizungumza jioni hii lilinijia katika kibanda cha chai hapa hapa Isinya, katika zile siku za Agosti 2022 ambazo nchi nzima ilikuwa imetega masikio kusikiliza hesabu za kura. Palikuwa na mzee mmoja aliyejitanda shuka nyekundu, rungu lake ameliegemeza mezani, na chai yake ya maziwa imeshika utandu kwa kuwa alikuwa hanywi, anasikiliza. Redio ikasema kwamba jimbo la Narok Kaskazini limechukuliwa na Agnes Pareyio. Mzee akageuza shingo, akauliza, si kwa ghadhabu bali kwa mshangao wa mtu aliyemwona punda akipanda mti: "Ni yule yule wa kuficha wasichana? Sasa wanaume wa Narok amewapa dawa gani?" Mama mwenye kibanda, aliyekuwa ameinama akipepea jiko, akamjibu bila ya kuinua uso: "Hakuwapa dawa, mzee. Wale wasichana wamekua."

Sikumjua mama yule kuwa ni mtu wa siasa, wala sidhani kwamba yeye mwenyewe alidhani amesema neno kubwa. Lakini jibu lake nimekaa nalo tangu siku ile, nikiligeuza huku na huku, na kila nikiligeuza naona lina upande mwingine.

Maana tazameni. Mtetezi wa haki za wanawake, katika nchi ya wafugaji kama hii yetu, hana mimbari wala ofisi yenye zulia. Kazi yake ni kwenda boma hadi boma na kumwambia mwenye boma jambo asilotaka kulisikia, na aghalabu akiondoka huacha nyuma yake baba aliyekasirika, posa iliyovunjika, na ng'ombe wa mahari waliokwisha kuhesabiwa kichwani kabla hawajafika zizini. Mwanasiasa naye huenda boma hadi boma, lakini yeye huenda kwa kuomba. Hukipokea kikombe kwa mikono miwili, humsifu mtoto, huuliza habari za malisho na mvua, na akiondoka hutamani kuacha nyuma yake watu walioridhika. Basi mtu mmoja atawezaje kuzifanya kazi hizi mbili katika maboma yale yale na mbele ya akina baba wale wale, leo abishe hodi kwa kumwokoa binti, na kesho abishe hodi kwa kuomba kura ya aliyemtoa binti huyo machozi? Mwenye akili ya kawaida angesema haiwezekani. Bi. Pareyio amezifanya, na zilimchukua takriban umri mzima.

Yeye ni Mmaasai wa Narok. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alikeketwa, na habari hiyo ameisimulia hadharani mara nyingi yeye mwenyewe: kwamba hakutaka, kwamba alikataa, na kwamba kilichomvunja hatimaye hakikuwa kamba wala fimbo bali kejeli za rika lake, waliomwita mwoga, mpaka akaona ni heri wembe kuliko jina lile. Nawaombeni mliweke jambo hili la kejeli mahali mtakapoweza kulikumbuka, kwa sababu nitalirudia.

Na hapa niruhusuni nichepuke kidogo kwa ajili ya neno. Sisi wa zamani tulizoea kusema tohara ya wasichana, na tohara ni neno lenye harufu ya maji na msikiti, kwani asili yake ni Kiarabu na maana yake ni usafi. Siku hizi twasema ukeketaji, na kukeketa ni kukata kwa kisu butu, kwa kupeleka na kurudisha, kama mtu anayehangaika na kamba ya katani. Ugomvi wote wa miaka hii umo baina ya maneno hayo mawili, na mtu akifungua kinywa tu, kabla hajafika mwisho wa sentensi, umekwisha kujua amesimama upande gani. Nakiri kwamba mimi nililihama neno la kwanza nikiwa mtu mzima, tena kwa kuchelewa.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa wembe peke yake. Msichana akikeketwa amekwisha kuwa mwanamke; akiwa mwanamke anaozwa; akiozwa shule imekwisha; na shule ikiisha baba amepata ng'ombe. Yule aliyesema "msimkate binti" alikuwa ameshika mambo manne kwa mkono mmoja, na lililouma zaidi ni la nne, ijapokuwa lililotajwa barazani, kwa sauti na kwa rungu kuinuliwa, lilikuwa mila.

Bi. Pareyio aliianza kazi hii katika Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoasisiwa mwaka 1952, na ambacho wengi wetu tulikitazama kama mahali pa kusuka vikapu na kufundishana usafi wa jikoni. Dharau hiyo ilikuwa na upofu ndani yake, kwa maana vikapu vile vilikuwa na watu waliokuwa wakijifunza kuendesha mkutano, kuweka daftari la fedha, na kumjibu afisa wa serikali bila ya kutetemeka. Phoebe Asiyo, aliyekuwa rais wa kwanza Mwafrika wa chama hicho, ndiye aliyekuja kuingia Bunge mwaka 1980 kwa kiti cha Karachuonyo, na ndiye aliyesimama mwaka 1997 na hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi, hoja ambayo wabunge waliiangusha, na ambayo Katiba ya 2010 ilikuja kuiokota ilipoangukia. Kwa hivyo njia ilikuwapo, nyembamba kama ya mbuzi mlimani, lakini ilikuwapo.

Chombo cha kazi cha Bi. Pareyio kilikuwa kielelezo cha kiwiliwili cha mwanamke, sehemu ya chini, chenye vipande vya kuchomoa na kuchomeka: kipande kimoja kikionyesha maumbile kama Mola alivyoyaumba, na vingine vikionyesha hali inavyokuwa baada ya kila namna ya ukeketaji. Alikibeba kitu hicho kijiji kwa kijiji, kwa miaka kadhaa, kwa miguu, akikaa na akina mama chini ya miti, akikitoa mfukoni na kukieleza kipande baada ya kipande. Mimi mwanamume sikualikwa katika vikao vile, na sikustahili kualikwa. Lakini mwanamke aliyewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo alinieleza yaliyopita, na nitayasema kwa staha. Kwanza ni kicheko, na midomo kuzibwa kwa pembe ya shuka. Kisha mmoja, mama wa makamo aliyezaa watoto saba, akanyoosha kidole akauliza kama ni kweli kwamba pale pana kitu. Akaambiwa ndiyo, pana kitu, na kazi yake ni hii na hii. Kicheko kikakoma. Mama yule alikuwa anaona kwa mara ya kwanza, katika mkono wa mtu mwingine, kitu alichonyang'anywa alfajiri moja yeye akiwa mtoto, na wala hakupata kukijua jina.

Sijui hotuba ya kampeni iwezayo kufanya kazi ile. Mgombea aghalabu humwahidi mtu asichonacho. Yule mama alionyeshwa alichokuwa nacho.

Mwanzoni mwa karne hii, mwandishi wa tamthilia kutoka New York, Eve Ensler, alikutana naye, akamwuliza anahitaji kitu gani. Angeweza kuomba semina, ambazo nchi hii haijapata kuzikosa, au mabango na fulana, lakini akaomba gari. Alipokwisha kupata gari, na kuona kwamba gari laweza kumfikisha kwa msichana lakini haliwezi kumlaza, aliomba nyumba. Mwaka 2002 nyumba ikafunguliwa Narok, ikaitwa Tasaru Ntomonok, jina ambalo kwa Kimaasai, ukilifasiri kwa wepesi, ni kuwaokoa wanawake.

Ingefaa tukae kidogo katika mlango wa nyumba hiyo, kwa sababu siasa yote iliyokuja baadaye ilizaliwa pale, sio jukwaani. Msichana anayekimbia hakimbii mchana. Hukimbia usiku wa kuamkia siku yenyewe, akisikia sauti za wageni waliokuja kunywa pombe ya asali, na aghalabu ni mama yake aliyemfungulia lango la miiba, kisha akarudi kulala kando ya mumewe na kujifanya hajui. Hupita nyikani penye fisi na tembo. Akifika, hupewa maji, hupewa kitanda, huandikwa jina katika daftari, na chifu na polisi huarifiwa ili isije ikasemwa kwamba ameibwa. Baada ya hapo hupelekwa shule. Mpaka hapo ni habari ambayo kila mwandishi wa magazeti wa ng'ambo ameiandika, na ni habari njema. Lakini hapo ndipo wengi huikatiza.

Kwa maana msichana ana kwao. Hawezi kuishi maisha yake yote katika bweni la wafadhili, na akifika umri wa kuolewa, au mama yake akifa, au mvua ikikatika na ng'ombe wakaanza kuanguka kama walivyoanguka katika ukame wa 2009, atataka kuwa mtu wa boma fulani, mwenye baba na mwenye kaka. Kwa hivyo nyumba ile tangu mwanzo ilikuwa na kazi ya pili, ngumu kuliko ya kwanza, nayo ni kutafuta suluhu. Wapatanishi huenda bomani: mchungaji wa kanisa, chifu, mzee wa rika la baba. Hawaanzi na sheria. Huanza na habari za mifugo, na baada ya kikombe cha tatu hulitaja jina la binti. Baba mwingine hukubali mwezi ule ule, kwa kuwa alikuwa akingoja mtu wa kumpa kisingizio. Mwingine hukaa mwaka, akiapa kwamba hana binti wa jina hilo. Na mwingine haji hata binti akimaliza kidato cha nne. Lakini wengi huja. Huja na shuka yao nzuri, huketi kwenye benchi katika ua wa nyumba ile, huletewa binti aliyerefuka na kunawiri, naye huinamisha kichwa mbele yao kama desturi itakavyo ili apate kuguswa utosini. Na yule baba, anapoondoka, amekwisha kunywa chai ya Agnes Pareyio.

Hapo sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Msichana aliyeingia katika nyumba ile mwaka 2002 akiwa na miaka 12, mwaka 2022 alikuwa na miaka 32. Ana kitambulisho, ana kadi ya kura, pengine ana mume aliyemwoa kwa ridhaa yake na kaka waliomaliza shule kwa mshahara wake. Baba yake, aliyeapa kumlaani yule mwanamke wa Narok, huenda leo huletewa sukari na dawa ya shinikizo la damu na binti yule yule mwishoni mwa mwezi. Kampeni za wengine huchukua miezi mitatu. Yake ilichukua miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna aliyejua kwamba ni kampeni, na naamini hata yeye hakujua. Hilo ndilo jibu la mama wa kibanda, nami nimelipanua tu kwa maneno mengi, kama ilivyo ada yetu sisi tusemao redioni.

Yaliyo kati nitayapita upesi, maana si yenye utamu. Alikaa katika baraza la mji wa Narok, akafikia unaibu wa meya. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa hapa Kenya ulimtunuku kwa kumchagua kuwa mtu wa mwaka. Baadaye akawa mwenyekiti wa Bodi ya kupambana na ukeketaji. Na mwaka 2022, kwa tiketi ya chama cha Jubilee, akaingia Bunge la Taifa.

Bodi hiyo ni zao la sheria ya 2011, iliyosukumwa na wabunge wanawake, miongoni mwao Linah Jebii Kilimo wa Marakwet Mashariki, ambaye yeye mwenyewe aliukimbia wembe utotoni. Kwa sheria hiyo, mwenye kukeketa hufungwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, au hutozwa faini isiyopungua shilingi 200,000, na mwathiriwa akifa hukumu yaweza kufika kifungo cha maisha. Hayo watu wanayajua. Wasiyoyajua ni kwamba kimo ndani yake kifungu kinachomwadhibu mwenye kumkejeli mwanamke kwa kuwa hakukeketwa, au kumkejeli mwanamume kwa kumwoa: kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua shilingi 50,000. Niliwaomba mlikumbuke jambo la kejeli. Kile kilichomvunja msichana wa miaka 14 kule Narok, ambacho hakina damu wala alama, na ambacho hakuna daktari awezaye kukiona, kimeandikwa sasa katika vitabu vya sheria kuwa ni jinai. Sijapata kusikia mtu amefungwa kwa kifungu hicho hapa Isinya, na kejeli zenyewe nazisikia kila wiki. Hata hivyo, kuandikwa kwake kwaonyesha kwamba walioitunga sheria ile walikuwa na watu waliojua mahali kisu kinapoanzia.

Kwa Kenya nzima, uchunguzi wa serikali ulionyesha mwaka 1998 kwamba wanawake 38 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 15. Mtu wa Nairobi husoma hesabu hiyo akashangilia. Sisi wa huku twaisoma pamoja na nyingine, kwamba mwaka 2014, miongoni mwa Wamaasai, walikuwa bado 78 hivi katika 100. Na twajua pia kwamba mahali ambapo nyimbo zimenyamaza, jambo lenyewe wakati mwingine halikunyamaza bali limehamia usiku, limehamia kwa watoto wadogo zaidi wasioweza kukimbia, au limepanda gari katika barabara hii ninayoiona dirishani na kuvuka mpaka.

Lakini msidhani kwamba safari ya kutoka katika utetezi hadi katika utawala ilivumbuliwa kwetu. Katika Januari 1924 aliteremka Mombasa mwanamke wa Kihindi, Sarojini Naidu, mshairi wa Hyderabad, aliyekuja kuongoza kikao cha kongamano la Wahindi wa Afrika Mashariki, wakati ambapo Wahindi wa Kenya walikuwa na manung'uniko makubwa juu ya kura na juu ya ardhi ya nyanda za juu iliyohifadhiwa kwa Wazungu. Fikirini wanaume wale, wafanyabiashara wa kofia na koti jeusi, ambao wake zao walikaa nyuma ya pazia, wamekusanyika kuongozwa na mwanamke. Na ni mwanamke ambaye mwaka 1917 alikuwa ameongoza ujumbe kwa waziri wa Kiingereza kudai haki ya wanawake wa India kupiga kura. Mwaka uliofuata baada ya Mombasa akawa rais wa Kongresi ya India, na mwaka 1947, India ilipopata uhuru, akawekwa kuwa gavana wa jimbo kubwa la kaskazini, kiti alichokufa akiwa nacho mwaka 1949. Sina hakika kama mji wa Mombasa una hata kibao kidogo cha kumkumbuka. Kama hakipo, kingefaa kiwepo.

Na India ilifanya jambo jingine ambalo mimi, kwa rai yangu, naliona lina hekima kuliko letu. Kwa mabadiliko ya katiba ya 1992, waliwatengea wanawake theluthi ya viti katika mabaraza ya vijiji, na theluthi ya uenyekiti wenyewe, yaani walianzia chini, kisimani na malishoni, ambako watu humwona mwenyekiti wao kila siku akigombana na mhandisi juu ya bomba la maji. Sisi tulianzia juu. Tuliwapa wanawake viti 47 vya kaunti katika Bunge, na katika mabaraza ya kaunti tukawajaza kwa kuwateua baada ya uchaguzi, wasiwe na wadi wala kisima, hata jina "wa kuteuliwa" likawa karibu tusi. Mwanamke aliyezoeleka katika baraza la kijiji, watu wamekwisha kumwona akikosea na akipatia, huweza kupanda. Aliyeshushwa kutoka juu kwa kamba, kila mtu humtazama ni nani aliyeishika kamba.

Sasa nirudi nyumbani, maana msikilizaji wa Kitengela atakuwa amekwisha kuuliza: na sisi je? Sisi tulitangulia. Jimbo letu la Kajiado Mashariki, ambalo Isinya na Kitengela zimo ndani yake, ndilo lililompeleka bungeni mwaka 2013 Peris Tobiko, mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuchaguliwa kuwa mbunge. Na mwaka ule, katika majimbo 290 ya Kenya nzima, wanawake waliochaguliwa walikuwa 16 tu. Mnakumbuka ilivyokuwa. Wapo wazee waliomtolea laana hadharani kwa kuthubutu kuomba kiti ilhali wanaume wapo. Mtu wa mjini hucheka asikiapo laana. Lakini aliyezaliwa katika boma anajua kwamba mzee, ambaye baraka yake ni mate na maziwa yaliyorushwa kwa upole juu ya kichwa chako, akikugeuzia kisogo na kukutamkia mabaya, ni kama paa la nyumba limeondolewa. Akagombea hivyo hivyo, bila ya paa. Akashinda, na mwaka 2017 akashinda tena, na wanawake wa majimboni wakawa 23.

Na mimi nilikuwa wapi mwaka 2013? Sikuwa pamoja na waliolaani, wala sikuwa pamoja na waliomtetea. Nilipoulizwa barazani nilisema wakati haujafika, neno ambalo mwanamume hulisema anapotaka kukataa bila ya kuonekana amekataa. Ndilo kosa langu katika habari hii, na nimeona si haki kuyasema ya wazee wengine nikaliacha.

Wanawake hawa wawili hawakupita njia moja. Bi. Tobiko aliingia kwa mlango wa chama, kwa nguvu, akaupasua ukuta na kuuacha wazi kwa wengine, ilhali Bi. Pareyio aliuzunguka ukuta miaka ishirini, akinywa chai na walinzi. Siwezi kuwaambia ni njia ipi iliyo bora. Lakini hapa kwetu mambo hayangoji: ardhi imekwisha kupimwa na kukatwakatwa kuwa ploti. Katika zile ranchi za kundi za enzi ya sheria ya 1968 majina yaliyoandikwa daftarini yalikuwa karibu yote ya wanaume, na mama aliyeishi juu ya ardhi ile tangu alipoolewa alipata habari ya kuuzwa kwake siku aliyoona nguzo za ua zikichimbiwa. Siku hizi bodi ya ardhi humtaka mke afike aseme kwa kinywa chake kama ameridhia. Nimewaona, wamevaa shanga zao zote kana kwamba wanakwenda harusini, wamekaa kwenye benchi, na afisa anauliza, "Mama, umekubali?" na mume ametazama dirishani. Mmoja alikaa kimya muda mrefu mpaka afisa akarudia swali mara ya tatu, kisha akasema la, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka wote kumtazama. Kwa mahali kama hapa, penye haraka ya aina hii, pengine miaka ishirini ya chai ilikuwa anasa ambayo hatungeweza kuingojea. Pengine kwetu ulihitajika mtu wa kuupasua ukuta.

Kiti cha Kajiado Mashariki kikaenda kwa Kakuta Maimai mwaka 2022, katika uchaguzi ule ule uliompandisha Bi. Pareyio, hivyo mwaka mmoja Umaasai ulipata mbunge mwanamke na ukapoteza mwingine, na Bunge halikuona tofauti.

Naona fundi wa mtambo anipigia ishara. Nina jambo moja tu la kalenda. Katiba imeuweka uchaguzi wetu katika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano, na ujao utakuwa tarehe 10 Agosti 2027. Agosti pia ni mwezi wa likizo, na likizo, ya Agosti na ya Desemba, ndiyo misimu ambayo wasichana hukatwa, kwa kuwa huwapo nyumbani na kidonda hupata muda wa kukauka kabla shule haijafunguliwa. Mgombea atakuwa katika maboma mchana, akiomba. Usiku, katika baadhi ya maboma hayo hayo, lango la miiba litasogezwa na mkono wa mama, na mtoto atatoka mbio. Na chai aliyopewa mgombea mchana ule, yumkini ilitiwa sukari na mtoto huyo huyo.